Kupanda Mlima Mara Sita kwa Siku Moja

Wengi wetu twaijua baisikeli kuwa ni mnyama wa kazi. Hubeba gunia la mahindi, hubeba madumu ya maziwa, humfikisha mgonjwa kwenye zahanati na mwalimu shuleni. Mtu akifika penye mlima hushuka, akaisukuma, akifika juu akapanda tena, wala hakuna anayemcheka. Leo nataka niwasimulieni habari za watu ambao kwa hiari yao huenda kuutafuta mlima, tena mlima mkali, wakaupanda juu ya baisikeli, si mara moja bali mara sita, tangu alfajiri hata jioni, nao hawapewi kikombe wala zawadi. Wanachokipata ni fedha, na fedha hizo si zao. Ni za kupigana na ugonjwa wa saratani, ambao wengine huuita kansa.

Mlima wenyewe uko nchi ya Ufaransa, katika safu ya Alpes, na mahali pale huitwa Alpe d'Huez. Chini bondeni kuna mji mdogo, Le Bourg-d'Oisans. Kutoka hapo barabara yapanda kilometa 13.8 hadi kijiji cha watalii wa theluji, kilicho kama meta 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ina kona 21 kali, zile za kujikunja kama nyoka, na kila kona ina kibao chenye namba. Namba hizo huanza 21 kule chini, nazo hupungua kadiri upandavyo, hata mpandaji huzihesabu kama mfungwa ahesabuvyo siku zilizobaki. Mwinuko kwa wastani ni asilimia 8, yaani kila ukienda meta 100 mbele umepanda meta 8 juu. Kwa masikio hilo ni jambo dogo. Kwa miguu si dogo hata kidogo, na ubaya wa mlima huu ni kwamba sehemu iliyo kali kupita wastani iko mwanzoni kabisa, kabla pumzi haijakaa sawa.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Kupanda mara moja ni kama meta 1,100 kwenda juu. Mara sita ni zaidi ya meta 6,000. Kilele cha Kibo ni meta 5,895. Basi anayemaliza mara sita amepanda urefu unaopita ule wa mtu ambaye angetoka ufukweni Tanga, miguu ikiwa bado ina mchanga wa bahari, akafika juu kabisa ya Kilimanjaro. Naye amefanya hivyo kwa siku moja.

Sifa ya mlima huu ilianza na mashindano makubwa ya baisikeli yaitwayo Tour de France, yaliyokuwapo tangu 1903. Mwaka 1952 washindani walipelekwa huko kwa mara ya kwanza, na aliyetangulia kufika juu alikuwa Mwitalia, Fausto Coppi. Kisha mlima ukaachwa hata 1976. Tangu hapo likatokea jambo la ajabu: katika mara 14 za kwanza ambazo mashindano yalimalizikia juu ya mlima ule, mara 8 walishinda Waholanzi. Joop Zoetemelk alishinda mara mbili, Hennie Kuiper mara mbili, Peter Winnen mara mbili, halafu Steven Rooks mwaka 1988 na Gert-Jan Theunisse mwaka 1989.

Nasema ni ajabu kwa sababu Uholanzi ni nchi tambarare kama sinia. Kama robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, na kilima kirefu kuliko vyote katika nchi yao ya Ulaya hakizidi sana meta 320. Baisikeli wanazo nyingi kuliko watu, hilo ni kweli, lakini milima hawana hata mmoja wa kuitwa mlima. Huenda ndiyo maana waliupenda wa jirani.

Tena kulikuwa na mwenzao huko juu. Tangu 1964 hata 1992 paroko wa Alpe d'Huez alikuwa Mholanzi, Padre Jaap Reuten, mwenye kanisa la Bikira Maria wa Theluji. Siku za mashindano waandishi wa magazeti walipewa nafasi kanisani, wakaifanya ndiyo ofisi yao. Na kila Mholanzi aliposhinda, Padre Reuten alipiga kengele za kanisa, bonde zima likasikia. Nawaza Paroko wa kwetu angesema nini kama ningemletea ombi la namna hiyo, mashine za chapa zigonge ndani ya kanisa na kengele ilie kwa sababu ya baisikeli! Lakini watu wa pale walimpenda Padre wao, na Waholanzi wakauita mlima ule mlima wa Uholanzi.

Basi mwaka 2006 Waholanzi wachache, wasiofika mia moja, walikwenda kuupanda kwa nia nyingine. Mmoja wa walioanzisha jambo hilo alikuwa Peter Kapitein, mfanyakazi wa benki kuu ya Uholanzi, ambaye mwaka 2005 aliambiwa na madaktari kuwa ana saratani ya tezi. Walilichezea jina la mlima. Kwa Kiholanzi sita ni "zes", basi badala ya Alpe d'Huez wakaandika Alpe d'HuZes, nayo maana yake ikawa wazi kwa kila Mholanzi: mlima mara sita. Kauli yao ilikuwa kwamba kukata tamaa si njia iliyo wazi kwao. Mgonjwa wa saratani hawezi kusema leo nimechoka kuugua, nitaendelea kesho. Basi nao wakajifunga hivyo hivyo kwa siku moja.

Huenda wauliza fedha zatoka wapi, maana mlima hautoi fedha. Zatoka katika ahadi. Mpandaji huenda kwa jamaa zake, kwa majirani, kwa mwenye duka, kwa wenzake kazini, akawaambia: Mimi nitapanda, wewe utatoa nini? Kwa miaka mingi kila aliyetaka kushiriki alipaswa kukusanya si chini ya euro 2,500. Kwa hiyo kazi yake haianzi siku ya kupanda. Huanza miezi mingi kabla, kwa kubisha hodi. Wapo wanaouza maandazi na keki, wapo wanaoosha magari, wapo wanaofanya matamasha ya kuimba. Nafikiri kubisha hodi kwahitaji moyo kama kona namba 21, hasa ukikaribia mlango wa mtu mwenye fedha.

Jambo lilikua upesi. Mwaka 2012 maelfu ya watu walipanda, wakakusanya zaidi ya euro milioni 32 kwa mara moja. Zilipelekwa katika mfuko wa Waholanzi wa kupigana na saratani, uitwao KWF. Mfuko huo una asili nzuri. Malkia Wilhelmina alipotimiza miaka 50 ya kutawala mwaka 1948, wananchi walimchangia zawadi, naye akataka itumike kupigana na saratani. Mwaka 1949 ukaanzishwa mfuko wenye jina lake.

Sasa tuiangalie siku yenyewe. Ni mwanzo wa mwezi wa Juni. Wapandaji huanza gizani, mapema alfajiri, na kandokando ya barabara katika zile kona kuna mishumaa iliyowashwa ndani ya vikombe, kila mmoja kwa ajili ya mtu: mama aliyefariki, mtoto aliye hospitali, mume aliyepona. Wengine wamebandika picha za watu wao juu ya baisikeli. Mara ya kwanza kupanda kuna shangwe. Mashujaa wa Tour de France humaliza kwa dakika 40 hivi. Mtu wa kawaida aliyejizoeza hutumia saa moja na nusu, au mbili.

Usidhani wanapanda kwa baisikeli kama zetu. Phoenix ya chuma, yenye karia na breki za vyuma virefu, ina uzito wa kilo 20 hivi, na giya yake ni moja tu. Za wale zina uzito kama nusu ya huo au chini yake, tena zina giya nyingi: mnyororo waweza kuhamishwa ukaka juu ya gurudumu dogo la meno mbele na kubwa nyuma, pedeli ikawa nyepesi, mtu akaenda polepole sana lakini akaenda. Ndiyo siri ya mlima: si kukimbia, ni kutosimama. Kijana anayeanza kwa mbio ili apigiwe makofi huonekana baadaye amekaa kando ya ukuta, kichwa kati ya magoti.

Kuna adui wengine watatu. Wa kwanza ni njaa. Mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na katika ini, lakini kwa kazi ngumu akiba hiyo haitoshi hata saa mbili. Mpandaji asipokula njiani, ghafula miguu humwisha kama taa iliyokwisha mafuta, na hapo hata mwenye moyo wa simba haendi. Kwa hiyo hula kabla ya kusikia njaa, na hunywa kabla ya kusikia kiu, ingawa tumbo lenyewe kwa kuchoka hukataa chakula. Wa pili ni baridi. Apandaye hutoka jasho jingi, na ashukaye hupigwa na upepo huku nguo zimelowa. Vidole hufa ganzi, navyo ndivyo vya kubania breki. Wa tatu ni kushuka kwenyewe. Ukishika breki kilometa nzima bila kuachia, magurudumu hupata moto. Ukiziachia sana, kona haikungoji.

Mara ya nne, ya tano, hapo ndipo shangwe huisha. Huoni tena milima wala maua. Waona tairi la mwenzako na namba ya kona. Lakini watu wamesimama kandokando wakiita majina, hasa kona namba 7, ambayo ni kona ya Waholanzi tangu zamani, karibu na kanisa dogo la kale. Wengi hawafikishi mara sita. Wengine hupanda mara moja kwa miguu, wakitembea, na miongoni mwao wapo wagonjwa wenyewe. Fedha zao huhesabiwa sawasawa na za wengine.

Msomaji mmoja aweza kusema: Kwa nini mateso yote hayo? Mwenye huruma si atoe fedha akae nyumbani? Swali hilo ni la haki. Wataalamu wawili, Christopher Olivola na Eldar Shafir, walilichunguza na kutoa majibu yao mwaka 2013. Waliona kwamba watu huwa tayari kutoa zaidi kwa ajili ya jambo jema ikiwa kulichangia kwahitaji jasho na maumivu, kuliko ikiwa ni kwa karamu ya kupendeza. Kwa hesabu za duka hilo ni upuuzi, maana shilingi ya karamu na shilingi ya jasho hununua dawa ile ile. Lakini binadamu hatoi kwa hesabu za duka. Jirani yako akikuona umejitoa mwenyewe kwanza, kushika mfuko wake kunakuwa kwepesi. Mimi naona pia kwamba mtu aliyefiwa hutafuta kazi ya mikono yake. Kukaa bure na majonzi ni kugumu kuliko mlima.

Hata hivyo nisingekuwa karani kama ningeishia hapo. Kazi yangu ni madaftari na stakabadhi, na najua kwamba mchango wowote ukikua hufika siku ya kuulizwa maswali. Waholanzi wana msemo juu ya fedha za msaada zinazopotelea njiani: husema zimenata kwenye upinde wa fidla, ule uzi wa kusugulia nyuzi, kama wa zeze letu. Waandalizi wa Alpe d'HuZes waliweka kanuni yenye fahari, kwamba kwao hakuna kinachonata. Kila senti iliyochangwa itakwenda katika vita vya saratani. Watu wengi walitoa kwa sababu ya kanuni hiyo.

Ndipo mwaka 2013 magazeti yao yakatangaza kwamba mmoja wa waanzilishi alikuwa amelipwa maelfu mengi ya euro kwa kazi yake, kupitia chama kingine kilichohusiana na mchango ule. Si kwamba hakufanya kazi. Kazi alifanya, na jambo kubwa kama lile haliwezi kuongozwa usiku baada ya kazi nyingine milele. Lakini waliochanga waliamini kwamba hakuna anayelipwa, na hapo palikuwa jeraha. Mjane aliyeuza keki barazani kwake alijiona amedanganywa. Mwaka uliofuata wapandaji walipungua, na fedha zilizopatikana hazikufika hata nusu ya zile za 2012.

Mimi nasema wazi: kumlipa mfanyakazi si dhambi. Kosa ni kuahidi kwamba halipwi mtu, halafu akalipwa. Huko Marekani kuna msafara mwingine wa baisikeli, uitwao Pan-Mass Challenge, ulioanzishwa mwaka 1980 na Billy Starr, ambaye mama yake alikufa kwa saratani ya ngozi. Mwaka ule wa kwanza walikuwa wapandaji 36 tu, nao walikusanya dola 10,200. Fedha zake huenda katika hospitali ya Dana-Farber mjini Boston, na jumla ya tangu mwanzo imekwisha kupita dola bilioni moja. Wao pia husema kwamba kila dola inayochangwa kwa ajili ya mpandaji hufika hospitali. Lakini hueleza kinagaubaga kwamba msafara una gharama na watu wa kulipwa, na kwamba gharama hizo hulipwa kutoka mifuko mingine, yaani ada za wapandaji wenyewe na msaada wa makampuni. Hesabu mbili, makapu mawili. Mtoaji ajua lake limeingia kapu gani.

Waholanzi nao hawakuacha. Walitengeneza mambo yao, wakaendelea kidogo kidogo, na isipokuwa wakati mambo yalipoharibiwa na korona, mlima umepandwa tena na tena, nao wapandwa hata leo.

Na fedha zenyewe zimefanya nini? Utafiti wa magonjwa ni kama kupanda mnazi: hupandi leo ukanywa dafu kesho. Fedha hutolewa kwa miaka minne, mitano, na wapo waliolalamika kwamba mamilioni yangali yamelala benki. Lakini tunda moja nalipenda kuliko mengine. Sehemu ya fedha hizo ilitumika kuchunguza kama mgonjwa wa saratani afanye mazoezi ya mwili au apumzike. Zamani wengi waliambiwa walale tu. Katika uchunguzi mmoja, uliotangazwa mwaka 2015, wanawake wenye saratani ya matiti walifanya mazoezi wakati wa kutiwa dawa zile kali. Waliofanya mazoezi ya nguvu chini ya msimamizi walichoka kidogo kuliko wengine, miili yao ilibaki na nguvu, na wachache zaidi kati yao walilazimika kupunguziwa kipimo cha dawa. Yaani jasho la wale wa mlimani lilikwenda kuuliza kama jasho la mgonjwa nalo lina faida, na jibu likawa ndiyo. Ikiwa nyumbani kwako kuna mgonjwa wa namna hiyo, muulize daktari wake juu ya jambo hili kabla ya kumfungia kitandani.

Hata kwetu baisikeli imekwisha kufanya kazi hii. Tangu 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita umeongoza safari ya Kilimanjaro ya kuchangia vita dhidi ya UKIMWI, na pamoja na wale wanaopanda mlima kwa miguu wapo wanaouzunguka kwa baisikeli.

Vijana wa parokia wakitaka kujaribu kitu kidogo cha namna hii, kwa ajili ya kununua vitanda vya zahanati au kumtibu mtoto mmoja, hawahitaji mlima wa Ufaransa wala baisikeli ya kilo saba. Watahitaji daftari la ahadi lenye jina la kila mtoaji, stakabadhi kwa kila shilingi, watu wawili wa kuhesabu na si mmoja, na karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe mlangoni mwa kanisa Jumapili inayofuata, chakula cha njiani na mafuta ya gari la huduma vikiandikwa peke yake ili kila mtu avione. Wajizoeze wiki nane au zaidi, wakiongeza mwendo kidogo kidogo. Wabebe maji na ndizi na pampu. Na siku ya kuondoka, kabla ya sala, fundi apite baisikeli moja moja akaze breki, maana kila mlima tunaoupanda lazima tuushuke.